Kabla ya Wamaasai, Wamaasai

Mang'ola, 9 Juni 2025

Namelok,

Bibi yako mpe shikamoo. Wewe sikusalimii.

Ile kengele ya chemsha bongo ilikuwasha nini? Mwalimu aliuliza, "Kabla ya Wamaasai, nani waliishi kreta ya Ngorongoro?" Mimi nimeshafungua mdomo, wewe ukagonga, ukasimama wima, ukajibu, "Wamaasai." Hata mpishi wa shule alicheka.

Mimi ni Mdatoga, na waliokaa kule kabla yenu ni sisi. Lile lilikuwa swali langu. Sasa timu nyingine ndiyo imeshinda zawadi, wao ndio watashuka kreta kwa basi la shule, na wewe peke yako nilikuambia kwamba babu wa babu yangu amezikwa kule chini, na baba hajawahi kupaona.

Usijibu.

Aliyekuwa pacha wako wa timu,
Janeth

Nainokanoka, 14 Juni 2025

Pacha wangu Janeth,

Hujambo? Wazazi hawajambo? Huku baridi kali, ng'ombe wazima, mimi si mzima.

Najibu, maana na mimi nimekasirika. Nilisikia "Ngorongoro" nikagonga. Nawe ungewahi, lakini unanyoosha kidole hata penye kengele.

Pacha wako,
Namelok

Nainokanoka, 25 Juni 2025

Janeth,

Hamjambo huko? Umenyamaza, kwa hiyo nilimshtakia Bibi Naeku, nikijua atanitetea. Alinirushia kifuniko cha kibuyu.

"Kila sherehe tunaimba tulivyowafukuza Wamang'ati kule chini, na wewe ndiye mwenye sauti kubwa. Tulimfukuza nani, mbuzi?"

Hilo la kuwaita Wadatoga Wamang'ati ni neno lake, nisamehe.

Akasema, "Mtoto wa watu ana mzee wake kule, wewe unamgongea kengele." Katika usichana wake alichunga kule chini. Anaijua miti iliyo kwenye makaburi yenu, na kutoka ukingoni mwa kreta inaonekana. Anasema uje.

Nilikosea, Janeth. Na kwa ile barua yangu ya kwanza nilikosea zaidi.

Pacha wako, ukikubali,
Namelok

Mang'ola, 1 Julai 2025

Namelok,

Bibi Naeku, shikamoo. Nawe hujambo.

Barua yako nilimsomea baba. Nilipofika kwenye mbuzi alicheka mpaka akakaa chini, akasema kuhusu huo wimbo ataongea nanyi. Kisha akauliza, "Hiyo miti inaonekana kweli?"

Tunakuja Jumamosi. Ameshafunga kwenye kitambaa tumbaku ya kumtambikia mzee wetu.

Bado nimekukasirikia. Baba ana maswali mengi, na yote ni ya Bibi. Wewe, hata akikutazama usoni, usijibu.

Pacha wako,
Janeth