Mikwaruzo ya Gari la Ngatia

S.L.P. 118,
Nyeri.
14 Septemba 1975

Mpendwa wifi Warigia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na Bwana Hezekiah hamjambo, na kwamba joto la Voi halijawamaliza. Mguu wako uliokuwa ukivimba unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Kahawa imeanza kubadilika rangi, ng'ombe amezaa ndama jike, na mlima hatujauona tangu Agosti kwa ajili ya ukungu.

Nyumba imekuwa kimya, wifi. Unajua mimi na marehemu kaka yako Ngatia tulikuwa tukiongea Kiswahili humu ndani, kwa kuwa Kimeru kilimshinda yeye, na mimi Kikuyu changu kinachekwa sokoni. Tangu tumzike naweza kumaliza wiki bila kutamka neno la Kiswahili, ila ninapowafukuza kuku jikoni. Siku za matanga watu walijaa uwanja. Siku hizi wanapita barabarani wakitazama mbele, kama wanaogopa nitawaita.

Sasa habari za gari. Niliamua kuliuza, maana sijui kuendesha, na magurudumu yalikuwa yameanza kuzama kwenye udongo. Mwalimu Njagi wa Karatina alikuja, akalizunguka, akasema analitaka lakini ile mikwaruzo inamtia wasiwasi. Unakumbuka Ngatia alivyolipenda hilo Pijo. Alikuwa akilipangusa asubuhi kabla hajanywa chai! Niliona aibu litoke kwangu likiwa hivyo. Nikamwomba mwalimu arudi Jumamosi.

Mikwaruzo yenyewe ni ya siku ile Ngatia alipozidiwa huko Kiriaini, alikokwenda na rafiki yake Wamae kuangalia miche ya chai. Wamae ndiye aliyeshika usukani kumkimbiza hospitali. Alikata njia katikati ya mashamba ya kahawa, matawi yakalisugua gari pande zote mbili. Walifika, lakini jioni hiyohiyo moyo wa Ngatia ukasimama. Tangu mazishi Wamae hakukanyaga tena hapa. Nami nayajua maneno yanayosemwa kwenu, kwamba alichelewa njiani.

Basi nikanunua mkebe wa dawa ya kung'arishia kwenye duka la spea. Mwenye duka aliniambia nipitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, umeingia ndani sana na hautatoka. Ukiteleza, ni wa juujuu, una tumaini. Niliosha gari kwa sabuni, nikalikausha, nikangoja kivuli cha nyumba kilifunike, kwa sababu jua huigandisha ile dawa. Kisha nikalowesha fulana kuukuu ya Ngatia na kusugua polepole, kipande kidogo kwa kipande kidogo, nikipangusa kwa kitambaa kikavu. Mkwaruzo wa kwanza ulipopotea niligeuka ili nimwonyeshe mtu. Nikajikuta natazama ukuta.

Alhamisi jioni nikasikia hodi langoni. Alikuwa Wamae. Amekonda, wifi, koti linamning'inia. Alilitazama gari kwa muda mrefu, akauliza tu, "Shemeji, uko na kitambaa ingine?"

Nikampa. Yeye akashika upande wa dereva, mimi nikabaki upande wangu. Tulisugua mpaka ng'ombe wakaanza kurudi. Halafu akasema bila kuinua uso:

"Shemeji, iko kitu sijakuambia. Ile siku nilikuwa nakimbiza gari sana. Yeye amelala pale nyuma, akasikia matawi. Akaniambia, 'Wamae, pole pole, unanikwaruzia gari.' Nikapunguza mwendo. Ati nikamtii! Kama ningekataa, pengine tungefika mapema."

Wifi, nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijajua, kwa sababu niliisikia sauti ya Ngatia kabisa katika maneno yale. Kisha tukalia sote wawili, dawa ikitukaukia mikononi.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Hata mngeruka kwa ndege."

"Alisema hivyo kweli, ama unanifariji?"

"Alisema kweli."

Na wewe wifi ujue ni kweli. Mimi ndiye niliyesimama na daktari pale hospitali, na nilimsikia kwa masikio yangu.

Mikwaruzo karibu yote ilitoka. Iliyobaki ni miwili kwenye mlango wa nyuma, ambayo ukucha ulikwama ndani yake, tukaiacha. Mwalimu Njagi aliridhika. Wamae ndiye aliyeliendesha gari hadi Karatina, mwalimu akiwa kando yake. Nilifunga lango nyuma yao, nikasimama uwanjani bila kujua nifanye nini na mikono yangu. Pale gari liliposimama nyasi zimekuwa za manjano.

Jumapili Wamae na mkewe Ngendo walinipitia twende kanisani. Tulikaa benchi moja. Lakini sikufichi, jioni bado ni ndefu. Napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki.

Uwasalimie Bwana Hezekiah, Mutahi, na Watiri mdogo, ambaye naambiwa sasa anasoma. Kama mtapata nafasi Desemba, njooni. Vitanda vipo.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tulipotoka kanisani Wamae aliniuliza kama dada yake Ngatia bado ana kinyongo naye. Nikamwambia nitakuomba umwandikie. Mimi nilikuja kwenu kwa ndoa. Wewe na Ngatia mlinyonya ziwa moja. Msamaha wangu ameupokea, lakini naona haujamtosha. Mwandikie, wifi, hata mistari michache. Anaulizia barua yako kila anapopita hapa, na sijamwambia kwamba nilikuwa bado sijakuomba.

Mungu akulinde uendako na ulalapo, na mguu wako aupe nafuu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Kaari