Bandika

Shangazi Rehema, shikamoo kutoka mji wa Sterling huku ughaibuni, ambako baridi inauma hadi meno.

Bado moyo unanirukaruka! Leo nilikuwa nawahamisha makarani wa ofisi moja, wote wasemao Kiswahili, kwenda kwenye programu mpya ya kompyuta. Mama Njeri, Mkenya ambaye wenzake wote humfuata, akagoma: "Kijana, na ile ya zamani tumezoeana. Hii sijui hata salamu yake." Akikataa yeye, nafungashwa virago. Basi nikaigeuza iwe ya Kiswahili. Akanakili jina la mteja, akasoma kitufe kinachofuata: "Bandika? Nibandike nini, maji ya ugali?" Wote wakacheka, naye akabofya. Jina likatua mahali pake! Akawageukia: "Mnangoja nini? Bandikeni!"

Sasa anafundisha yeye, mimi naitikia kwa kichwa kitaalamu.

Mungu akutunze, na magoti yaache kukusumbua.

Mwanao, Idi