Kasha Wanaloliogopa

Jumatatu, 3 Machi
Kihisi, kile kifaa cha majaribio ndani ya kasha la kijivu nguzoni, kimehesabu vizuri tena. Nimekaa kando ya nguzo tangu asubuhi nikihesabu magari kwa macho, kisha nikalinganisha. Malori, bodaboda, hata mkokoteni wa ng'ombe kimeutambua. Mhandisi wa barabara, aliyenipa kazi ya kukijaribu, amefurahi kwenye simu. Mimi sijafurahi. Ninachotaka ni kile kipimo chake cha mwendo. Kikionyesha malori yanapita hapa kwa kasi, tutawekewa matuta mbele ya shule. Mwanangu Kabula anavuka hapa. Masanja, mtoto wa jirani yangu, naye alikuwa akivuka hapa, mpaka mwaka jana alipogongwa. Tulimzika yeye na begi lake.

Jumanne, 4 Machi
Mwendo uko chini. Chini mno. Malori ya mawe ya dhahabu, yale yanayoshuka kilima kama yanafukuzwa, yanapita kwenye kihisi kama msafara wa harusi. Nimesafisha kioo. Nimekagua betri. Hakina kasoro. Sielewi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeelewa, na heri nisingeelewa. Dereva wa lori alisimama kununua mahindi ya kuchoma kwa Mama Masanja. Akanisogelea.
"Shikamoo mama. Hiyo tochi yenu inapiga mpaka wapi?"
Tochi! Wanadhani ni ile ya trafiki ya kukamatia wanaokwenda kasi. Wanawashiana taa tangu huko Runzewe kuonyana. Wakishalipita kasha, wanakanyaga mafuta. Nikamwambia hii si ya trafiki, inahesabu magari na kupima mwendo tu, haitozi mtu faini. Akacheka mpaka akapaliwa na mahindi. Mama Masanja hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekihamishia kihisi nyuma ya michongoma. Bure. Habari imeshaenea, wanapunguza kabla hata ya kuona kitu. Nikampigia mhandisi, nikamweleza yote. "Mama Kabula, mimi naandika kilichopimwa." Akakata. Nimelia pale pale barabarani, watu wananiangalia. Sijali.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekirudisha nguzoni. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 10 Machi
Basi. Ripoti ya mhandisi inasema kihisi kimefaulu majaribio. Barabara yetu ni salama. Matuta hayahitajiki. Na mimi nimepongezwa! Nimeagizwa kuking'oa kesho na kukipeleka Chato wiki hii. Nguzo ibaki.

Nilimwambia Mama Masanja jioni. Alikaa chini, palepale vumbini.
"Mayu, mama yangu, sasa kikiondoka, watapunguza mwendo?"
Nikamsaidia kuinuka. Namchukia mhandisi. Nakichukia na kihisi, ingawa hakikudanganya.

Jumanne, 11 Machi
Niliking'oa asubuhi. Kufika mchana madereva walikuwa wameshaambiana kuwa tochi imeondolewa. Watoto wakitoka shule, lori likateremka bila breki hata moja. Kabula alikimbia, akaangukia mtaroni. Goti limechubuka. Goti tu. Nimeliosha mara ngapi sijui. Nilimpigia mhandisi, hakupokea. Niombe kwa nani tena? Nimekwenda kwa fundi wa mabati.

Jumatano, 12 Machi
Manyunyu alfajiri. Kasha jipya liko nguzoni. Bati, rangi ya kijivu, na kitako cha chupa ya bia mahali pa kioo. Ndani hamna kitu. Mama Masanja alinishikia ngazi, macho yake barabarani.

Dereva wa lori la kwanza alimwashia taa mwenzake. Akapunguza mwendo. Kabula akavuka akichechemea, na wenzake nyuma yake.

Kesho napeleka kihisi Chato. Sijui bati hili litawatisha mpaka lini. Siku dereva mmoja akipanda kuchungulia, tumekwisha. Nimemweleza hivyo Mama Masanja. Amehamishia jiko lake la mahindi chini ya nguzo, na madereva wakimuuliza, anasema ni tochi.