Jikoni kwa Ndugu Wawili Wasiosemezana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila miguu imevimba kidogo, na sababu ya kuvimba utaijua ukisoma mpaka chini. Wewe je, goti linakuachia ulale? Na yule kuku mweusi aliyekuwa akitaga ndani ya viatu vyako vya kutokea, ameacha tabia hiyo au umeshamla? Nisalimie majirani wote, hasa yule mama wa mlango wa pili anayekuletea maziwa na habari za watu kwa pamoja.

Ujumbe wako kwamba chumba kimeshapakwa rangi niliupata. Umesema umechagua rangi ya majani machanga kwa sababu unajua naipenda. Nilikaa na maneno hayo kutwa nzima. Habari ya chumba nitaifikia, Dada, naomba univumilie. Kwanza nikusimulie jioni ya Jumamosi, maana bila hiyo lolote nitakalosema halitaeleweka.

Unamkumbuka shemeji yangu, mdogo wa marehemu, fundi wa friji. Siku ya mazishi ulisema kijana huyu ana mabega ya kubebea watu. Basi katikati ya wiki alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Akakuta cherehani nimeshaiviringisha blanketi, mapazia ya wateja nimeshayakabidhi, na vyombo vyote vya jikoni viko sandukuni isipokuwa sufuria ya chai. Akaniuliza nakula nini siku hizi. Nikamwambia mkate. Akauliza jana nilikula nini, nikajifanya natafuta mkasi. Hakuniandama. Alikaza kamba zake, na alipofika mlangoni akaniambia kwamba Jumamosi jua likianza kuzama nivae gauni zuri, yeye na mkewe watanipitia, kwa sababu mtu hawezi kuhama mtaa alioishi maisha yake yote ya ndoa bila kujua watu wake wanakula wapi.

Nilikataa, na Jumamosi wakaja vilevile.

Najua ulipofika hapa umekunja uso. Ukunjue. Mimi si mtu wa baa, unanijua. Marehemu alikuwa mtu wa nyumbani, na mimi nilikuwa mtu wa marehemu. Jioni nzima nilikunywa glasi moja tu, tena nusu yake aliimaliza mke wa shemeji. Huyu ni muuguzi, mwembamba kama sindano, lakini akikaa mezani unadhani ametumwa na kijiji kizima.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba shemeji yangu mtaani ni kama waziri. Hakuna baa ambayo friji yake haijapita mikononi mwake, na wenye baa wanajua kwamba bila yeye bia ni uji. Kila tulipoingia tuliwekewa viti kabla hatujasalimia.

Baa ya kwanza ilikuwa zamani kibanda cha kinyozi, na mwenyewe ndiye aliyekuwa kinyozi. Mikono yake ilianza kutetemeka, akaacha wembe, akaanza kuuza vinywaji. Alinieleza hivyo bila haya: ukitetemeka na glasi, hakuna anayekatwa sikio. Viti ni vilevile vya kunyolea, vinapanda na kushuka, na mbele yako kuna kioo kirefu ukuta mzima. Kwa hiyo huzungumzi na jirani yako ukimtazama, unamtazama kwenye kioo, na usipoangalia unajikuta umecheka na mume wa mtu aliye upande wa pili wa chumba. Tulikula viazi vya kukaanga na firigisi zenye pilipili. Mwenyewe akija kuuliza kama umeshiba, anakanyaga kile chuma cha chini na kukuinua juu kidogo, basi ukimaliza sahani mbili unakaribia dari. Muuguzi wetu alifika dari.

Mimi nilishindwa kumaliza sahani yangu. Kioo kilinikabili. Nilikuwa sijajiona nikila tangu sijui lini, Dada, kwa sababu nyumbani nilikuwa nakula nimesimama kando ya cherehani, tonge moja, nimemaliza. Nikamtazama yule mwanamke wa kwenye kioo anavyotafuna kama mtu anayemeza dawa. Shemeji aliniona, lakini alimwita tu kinyozi amshushe mkewe twende.

Ya pili ni sebule ya bibi mmoja aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu. Anasema amesikiliza simu za watu maisha yake yote na sasa amechoka nazo. Ukiingia tu anakushikia sufuria kubwa, unatumbukiza simu yako, anafunika. Mtaani wanamwita Bibi Sufuria. Simu zikilia mle ndani sauti inatoka kama ya nyuki waliofungiwa, na kila mtu anaapa si yake. Pale kuna kitu kimoja tu cha kula, supu ya samaki, na huletewi mpaka useme kitu unachojua kufanya vizuri. Dereva wa lori alisema anajua kurudi kinyumenyume gizani. Shemeji akasema friji, akazomewa, kwamba hilo wanalijua. Ilipofika zamu yangu nikasema nashona mapazia. Bibi akaniambia, "Hiyo ni kazi yako. Nimekuuliza unachojua." Muuguzi akanisaidia. Akasema huyu anajua kupika, alinipikia nilipojifungua, nikasahau kwamba nimeshonwa. Watu wakacheka, supu ikaja. Nilitaka kusema kwamba huyo aliyepika alikuwa mtu mwingine, lakini kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni, na supu ile, Dada, ilikuwa na ndimu ya kutosha.

Sasa nifike baa ya tatu, ya ndugu wawili.

Baa yao ilikuwa gereji. Kaunta ni meza moja ndefu, na katikati yake umepigwa mstari wa chaki. Ndugu mmoja anauza vinywaji upande wa kushoto, mwingine anauza vyakula upande wa kulia, na ndivyo wanavyoitwa, Kushoto na Kulia. Hawasemezani. Wengine wanasema waligombania rangi ya mlango, na kweli mlango una rangi mbili, nusu kwa nusu. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo anamtuma mteja. Na wateja nao hawana adabu, wanaongeza yao. Kushoto akisema, mwambie huyo bwana glasi zimeisha, mteja anavuka hatua mbili na kumwambia Kulia, "Ndugu yako anasema alikuota jana, na glasi zimeisha."

Jioni ile pale palijaa wafanyakazi wa kiwanda cha matofali. Walikuwa wanamuaga mzee wao anayestaafu. Walimvisha tai ya karatasi, wakamkalisha mbele, na chakula walikuwa wameagiza tangu mapema. Kumbe mpishi wa pale alikuwa ameondoka wiki hiyohiyo kumfuata mumewe aliyehamishiwa kazi mbali, na Kulia alijitia kupika mwenyewe. Tulipoingia moshi ulikuwa unatoka jikoni. Wali wa kwanza uliungua chini na juu ukabaki mbichi. Watu walianza kugonga meza, mwanzoni kwa utani, halafu si kwa utani. Kushoto alikuwa anamtumia ndugu yake maneno ambayo hata wale wateja watundu walikataa kuyafikisha. Na katikati ya kelele zote yule mzee alikuwa amekaa na tai yake, sahani tupu mbele yake, anatabasamu ili wenzake wasione aibu.

Sijui miguu yangu ilipata ruhusa kwa nani. Nilisimama, nikavua mtandio, nikaufunga kiunoni, nikaingia jikoni. Kulia alikuwa ameshika mwiko kama mtu anayejikinga na mbwa. Nikamwambia aweke mwiko chini amenye vitunguu saumu. Akatii. Kuku walikuwa wameshakatwa, nyanya zilikuwepo, viazi, tangawizi, mchele wa kutosha. Muuguzi akaja kukata vitunguu, haraka na kwa usawa, mpaka Kulia akaacha kumenya akawa anamwangalia. Shemeji akashughulika na jiko la gesi lililokuwa likikohoa.

Nilikaanga vitunguu vile mama alivyotufundisha, bila kuviharakisha, mpaka viwe rangi ya ngozi yetu. Harufu ilipopanda ndipo nilipotambua kwamba tangu tumzike marehemu nilikuwa sijakaanga kitunguu hata kimoja. Nililia kidogo. Uzuri wa jikoni ni kwamba hakuna anayekuuliza kwa nini unalia.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Chumvi nilizidisha, ikabidi niongeze viazi kuipunguza makali, na mchuzi ukawa mzito kuliko nilivyotaka. Lakini sahani zilipotoka, kelele zilikatika. Unaijua ile sauti ya watu wengi wanaokula bila kusema? Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni, ambalo kwa kweli lilikuwa limeshonwa vibaya sana, nikaisikiliza. Yule mzee aliomba sahani ya pili, kisha akaomba aletewe mpishi. Nikatoka nikijifuta mikono. Akaniambia amekula kwenye harusi nyingi na misiba mingi, lakini chakula cha leo kilikuwa cha kwake yeye. Tai yake ilikuwa imeloa mchuzi.

Wakati huo Kushoto alikuwa amechukua sahani yake na kuvuka mstari wa chaki. Wateja waliona, wakaacha kutafuna. Akaenda mpaka mbele ya ndugu yake na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe, "Huyu mama asiondoke." Kulia akajibu, "Nami nilikuwa nataka kusema hivyohivyo." Basi. Dakika hiyohiyo Kushoto akarudi upande wake na kumwomba dereva mmoja amwambie ndugu yake alete sahani chafu.

Niliwashukuru, nikawaambia mimi ni mtu wa safari, nahamia kwa dada yangu. Tukarudi nyumbani kwa miguu, muuguzi akiwa amefunga mapaja ya kuku kwenye leso. Jumapili asubuhi nikasikia hodi. Walikuwa wale ndugu wawili, mmoja upande huu wa mlango, mwingine upande ule. Kila mmoja alinieleza mimi, kama vile mwenzake hayupo, kwamba wanataka jikoni pawe pangu, si kwa kuajiriwa, bali niwe mwenzao wa tatu. Nikawaambia nina sharti moja. Ndani ya jiko langu watu wanasemezana wenyewe, bila mjumbe. Kulia akauliza, "Jikoni tu?" Nikasema jikoni tu. Wakatazamana, ikawachukua muda, wakakubali.

Dada, siji.

Nimeliandika fupi kwa sababu kila nilipolirefusha nililia. Najua umepaka chumba rangi. Najua umewaambia watu wote mpaka mama wa maziwa. Najua pia, ingawa hujawahi kulisema, kwamba tangu watoto wako walipotawanyika nyumba hiyo ina sauti ya kuku tu, na kwamba ulinihitaji kama nilivyodai kukuhitaji.

Lakini nikueleze jambo ambalo sijamweleza yeyote isipokuwa mke wa shemeji, naye aliligundua mwenyewe. Nilikuwa nimeacha kula. Si kwa kukosa. Chakula kilikuwa kinakataa kushuka, na mimi nikakiachia. Gauni nililovaa Jumamosi nilikuwa nimelipunguza kiuno mwenyewe kwa cherehani yangu, nikalipunguza tena na tena, nikijiambia kitambaa ndicho kimelegea. Nilipokubali kuja kwako sikuwa naja kuishi nawe. Nilikuwa naja kutafuta chumba kizuri cha kufifia polepole, na nilikuchagua wewe kwa sababu nilijua utanishika mkono bila kuuliza. Hilo si jambo la kumfanyia dada. Ningekuletea mgonjwa nikimwita mwenzio.

Leo asubuhi nimekula mayai mawili na kiazi, nimekaa chini. Jana nilikula mara tatu. Muuguzi anapita kila jioni akisingizia ana njaa, anakaa nami mpaka nimalize, kisha anamaliza chungu. Amenipeleka pia kwa daktari wa kwao, ambaye ameniambia niendelee hivihivi na nirudi kwake mwezi ujao. Sijapona, Dada, lakini nina njaa, na hilo lilikuwa limenitoka.

Basi nina ombi. Usikifunge hicho chumba. Baa inafungwa Jumatatu na Jumanne, na mvua zikipungua nitakuja kulala humo. Na kabla ya hapo, mpe mama wa maziwa kuku wako awatunze kwa wiki moja, uje wewe. Hutalazimika kunywa kitu. Nitakukalisha jikoni, umenye viazi, uwasikie hao ndugu wakijifunza kusema "nipe chumvi". Kulia anajua habari zako. Anasema mtu aliyenilea lazima ana mkono mtamu kuliko wangu, na anataka kujua kama nawe unavikaanga vitunguu taratibu hivyo.

Ukiwa na hasira nami, niandikie barua ndefu, uniseme ukurasa baada ya ukurasa. Nitaisoma yote. Ila usininyamazie, hilo sitaliweza.

Shemeji anakuamkia, mkewe anakusalimu na kuuliza kama huko kwenu mahindi yameiva. Lichue goti kwa mafuta ya moto kabla hujalala. Na unisamehe kwa doa hili pembeni ya karatasi. Naandikia kwenye kona ya meza, nikipumzisha miguu iliyovimba kwa kusimama jikoni kutwa, mchuzi wa kuku uko motoni, na huyu Kulia amepita na mwiko unaodondosha mchuzi kwenda kumwonjesha ndugu yake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitindamimba wa mama