Nafasi Yangu kwenye Jeneza la Tauno

Borås, Uswidi
9 Machi

Mdogo wangu mpendwa Rauni,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, ingawa najua huko nyumbani Ufini wiki hii hakuna anayelala vizuri. Mimi nipo. Theluji ya huku imeanza kuyeyuka.

Juzi kwenye simu ulinipangia nafasi yangu kwenye jeneza la kaka yetu: upande wa kushoto, nyuma yako, maana kwetu ndugu wa damu ndio hubeba na ndio huteremsha kaburini. Niliposema sitaweza, ulicheka kwa uchungu. Ukasema Waswidi wamenilainisha. Eti miaka yote hiyo nimebeba majora ya nguo kiwandani, leo Tauno ndiye mzito?

Rauni, tangu nimzae mtoto wa tatu, kila nikikohoa, nikiinua kitu au nikicheka, mkojo ulikuwa ukinitoka. Tauno akipiga simu na visa vyake nilimkatiza: basi, kaka, basi. Akadhani vichekesho vyake vimechuja.

Mwaka juzi nikapasuliwa. Walipitisha utepe wa plastiki chini ya njia ya mkojo ili usivuje, ncha zake zikatokea kwenye mapaja. Nilipopata nafuu, paja la kushoto liliwasha kwa ndani kama limesuguliwa upupu. Daktari akaniuliza kama mkojo bado unavuja. Nikajibu hauvuji, asante. Habari za mguu hakuuliza, nami nikavaa koti langu. Unajua tulivyolelewa. Nilipokuja kusema, nyama ilikuwa imeushika utepe. Daktari mwingine aliniambia neva ya paja imeumia na misuli imesinyaa; anaweza kuondoa kipande, lakini hawezi kuniahidi kwamba mguu utapona. Sasa goti linakwenda pembeni lenyewe. Nikibeba mzigo, naanguka.

Ambalo sijamwambia mtu ni kwamba nilikubali kisu kwa ajili ya Tauno. Alipopiga simu baadaye nilicheka mpaka machozi, nikiwa mkavu. Akasema: “Kumbe bado unanicheka, Saimi. Mimi nilidhani umenichoka.” Sikumweleza. Hatukuzungumza tena.

Nafasi yangu mpe binti yako. Nitakuja na fimbo. Ila mkifika kaburini, kabla hamjamteremsha, nipisheni kidogo niliguse jeneza.

Wasalimie wote, na ule chakula.

Dada yako akupendaye,
Saimi