Nilimtetea Binti Yangu Mpaka Akanyang'anywa Gari

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka maana nyumbani kwangu hapakaliki, na aliyeleta balaa ni mdomo wangu mwenyewe, ingawa mdomo wenyewe ulikuwa na nia njema.

Kwanza umjue binti yangu, kitindamimba wangu, ambaye anashindana mbio za magari. Sisemi anakimbiza gari kama hawa vijana wanaopiga honi mtaani, la, nasema mbio zenyewe, zenye kofia ngumu na bendera na watu waliolipa kiingilio. Sijisifu, mshauri, nakueleza tu: mtoto huyu alitembea kabla ya kuota meno, na alipokuwa darasa la tano baba yake akienda kukagua gari la kununua alimchukua yeye akamwacha fundi. Mimi sikusoma sana, ni fundi cherehani, lakini ovaroli za madereva wote wa klabu ya hapa kwetu nashona mimi, ndiyo maana nina kadi ya uanachama na haki ya kupiga kura, na haki hiyo ndiyo iliyoniponza.

Klabu ina timu tano, kila timu ina magari mawili. Mwaka jana waliweka sheria ya majaribio kwamba katika kila timu gari moja liendeshwe na mwanamke, maana kabla ya hapo wanawake tulikuwa tunaruhusiwa kushika bendera na kusema "poleni" basi. Kwa sheria hiyo binti yangu akapata gari kwenye timu ya mzee mmoja tunayemwita Bwana Spana, kwa kuwa hata msibani huenda nayo mfukoni. Mbio za kwanza akawa wa nne, za pili akawa wa pili, za tatu akavuka mstari akiwa wa kwanza, nami nikapiga vigelegele mpaka mshika bendera akadhani ni king'ora cha hatari akasimamisha kila kitu, ikabidi mbio zirudiwe, na akashinda tena, kwa hiyo kwa hesabu yangu ana ushindi mara mbili.

Lakini wanaume wakaanza kunung'unika, "kiti cha mgao hicho," mpaka ukaitishwa mkutano wa kuamua sheria iendelee au ifutwe. Tulikutana kwenye ghala la matairi, tukakalia matairi hayohayo, nami nikaketi mbele na gauni langu la harusi za watu. Bwana Spana akasimama akajikohoza: "Ndugu zangu, binti anajitahidi, hatukatai. Lakini tuseme ukweli. Pale amebebwa."

Mshauri, damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasimama.

"Nani amebebwa? Mwanangu mimi mwenyewe nimeacha kumbeba alipoacha ziwa! Hahitaji sheria yenu, hahitaji mgao, hahitaji huruma ya mtu! Ifuteni hata sasa hivi, muone kama hatawalisha vumbi!"

Ghala zima likalipuka kwa makofi. Wanaume wakaja kunipa mikono, mmoja akasema, "Sema mama, sema tena!" nami nikasema tena. Mwenyekiti akatabasamu. "Mzazi mwenyewe ametamka. Wanaotaka sheria ifutwe wanyooshe mikono." Mikono ikapaa, na mimi kwa utamu wa kushangiliwa nikanyoosha wangu, wa kulia na wa kushoto. Nilipogeuka ndipo nikamwona binti yangu kule nyuma amejishika kichwa kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Wiki hiyohiyo gari lake akapewa mpwa wa Bwana Spana, kijana ambaye kona ya kwanza tu aliingia na gari ndani ya kibanda cha tiketi. Binti yangu sasa anaosha rimu za matairi. Wenzake wanne nao wametolewa, ingawa mmoja wao, Mungu anisamehe, huendesha kama anasindikiza jeneza.

Nyumbani ndiyo usiseme. Hanitukani, hanuni, ana adabu inayokereketa. "Shikamoo, Mheshimiwa. Chai tayari, Mheshimiwa." Nikamwambia, "Lakini mwanangu, mimi si nilikutetea?" Akanijibu, "Ndiyo mama. Umenitetea mpaka nimekosa gari." Baba yake alijifunika gazeti usoni, lakini gazeti lilikuwa linatetemeka.

Sasa hao wanawake waliotolewa wamesoma katiba ya klabu wakakuta kwamba uamuzi uliopitishwa unaweza kujadiliwa upya, ila lazima aombe mtu aliyeupigia kura ya ndiyo. Wanaume hawasimami ng'o. Amebaki nani? Mimi. Na mkutano ni Jumamosi. Nikisimama niseme mwanangu anahitaji sheria, si nitakuwa nimelamba matapishi yangu mbele ya Bwana Spana, na nimemwita mtoto wangu dhaifu kwa kinywa changu? Nimefikiria kusema siku ile nilikuwa na homa, maneno yalikuwa ya homa. Au nimwambie Bwana Spana mwenyewe ashindane na binti yangu tumalize kesi. Na kuna jambo linanisumbua kweli moyoni: anayepata gari kwa sheria, ni bingwa au amebebwa?

Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi, Mama wa Bingwa

JIBU

Mama wa Bingwa, pole sana, na ukishapokea pole hiyo keti vizuri nikugombeze.

Mapenzi yako kwa mwanao hayana shaka, yanasikika hata kwenye karatasi. Lakini siku ile hukumtetea yeye, ulitetea sifa zako kama mzazi wake. Angekuwa ndiye unayemtetea, ungegeuka kwanza umtazame usoni, ndipo ufungue mdomo. Wewe ulimtazama baada ya kura.

Unauliza kama amebebwa. Huyo mpwa aliyevunja kibanda cha tiketi, gari alilipata kwa kumshinda nani? Alilipata kwa mgao wa ujomba, mgao wa zamani kuliko klabu yenyewe, na hadi leo haujaitishiwa mkutano hata mmoja. Sheria mliyoifuta ilimfungulia mwanao lango tu. Kona alikata mwenyewe, na saa ya mbio haiulizi dereva ameletwa na sheria au na mjomba.

Na huyo wa jeneza umemtupa pembeni kwa sentensi moja, kama kwamba haki ya usukani ni ya binti yako peke yake. Niambie, katika klabu yenu hakuna wanaume wanaoendesha hivyohivyo? Wapo, tena wana miaka wamejaa ndani ya magari, na mama zao hawajaulizwa neno. Mwanao mwenyewe alianza wa nne. Alifika wa kwanza kwa sababu alipewa mbio za pili na za tatu za kujifunzia. Mwache na mwenzake ajifunze.

Sikudanganyi kwamba mgao hauna uchungu. Kila akishinda watasema ni sheria, na neno hilo litamuuma, kwa hiyo naelewa kwa nini ulilipuka. Lakini ni afadhali asemwe akiwa ndani ya gari kuliko asifiwe akiosha rimu.

Habari ya homa usithubutu. Mtu mzima hasingizii homa. Na Bwana Spana mwache na spana yake. Ukimtaka ashindane na binti yako unamfanya yeye awe lango la kupitia.

Leo hii, kabla hujafanya lolote, nenda kwa mwanao, mwombe radhi bila neno "lakini", kisha umuulize yeye na wenzake wanataka useme nini. Wakikupa maneno, chukua hayo, usiyatie nakshi. Jumamosi vaa gauni la kawaida, kaa nyuma. Ukipewa nafasi sema: "Nilipiga kura ya kufuta. Nilikosea. Naomba tujadili upya, kwa ajili ya wanawake wote watano." Mwanao usimtaje, meno yake usiyataje. Bwana Spana atakuuliza, "Si wewe uliyesema hahitaji?" Mjibu, "Ni mimi," halafu uketi. Watacheka, na waache wacheke, kicheko hakihesabiwi kwenye kura. Hamu ya kusifu ikikubana, ng'ata leso.

Kumwombea mtoto haki yake si kumwita dhaifu. Dhaifu siku hiyo atakuwa yule mwenye uwezo wa kulifungua lango akabaki kitini akilinda jina lake. Kwa hiyo Jumamosi uende, mama. Usipokwenda, mtabaki mabingwa wawili wa sebuleni, mmoja wa kuendesha, mmoja wa kusema, na gari hakuna.