Ya Pili Haijakiri

Kwako mjukuu wangu Rashidi,

Ruangwa nzima hakuna anayejua chesi kunizidi mimi babu yako. Haya, usicheke huko uliko, yule farasi bado namwita mbuzi. Ndiyo maana wewe na rafiki yako Salumu mliniweka mwamuzi. Mlisema sijui kitu, kwa hiyo siwezi kupendelea.

Unakumbuka barazani kwetu Mbekenyera? Kompyuta mbili zimetazamana, yako ina programu uliyoitengeneza mwenyewe, ya Salumu ina yake, zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na sisi wenye akili tumekaa tunabangua korosho. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, mchezo unabaki njiani, ugomvi unaanza.

"Babu, amua! Nimeshamfunga huyu!" Salumu anapiga kelele.

Na wewe: "Kompyuta yake inajisifu tu, kama babu. Moja ikisema imeshinda, bado. Mpaka na ya pili ikiri imeshindwa, ndipo uamue."

Bibi yako, uliyekuwa ukimwita mke wako mbele yangu bila haya, alicheka mpaka korosho zikamwagika.

Kule Nachingwea ulikolazwa, daktari alitutoa nje akasema turudi nawe nyumbani, hakuna zaidi. Nikamuuliza, "Na mgonjwa mwenyewe amekiri?" Akaniona mzee nimechanganyikiwa. Kumbe ndani wewe ulikuwa unaulizia kama mikorosho imetoa maua. Tukakuleta. Tukakuzika.

Sasa mchezo wenu wa mwisho umo ndani ya kompyuta yako, nayo imefungwa kwa neno la siri. Fundi anasema ataifungua, ila kila kitu kitafutika, na programu yako humohumo. Mama yako anataka ifutwe, mdogo wako aitumie shuleni. Salumu naye amekuja, hana kelele tena.

"Babu, umeme unakatika mimi nilikuwa naongoza. Amua tu, yaishe."

Nikiamua, haibaki sababu ya kuitunza, fundi anafuta.

Nimewaambia bado, ya pili haijakiri. Tangu hapo mama yako ananiwekea chakula bila kunitazama. Na siku hizi nikimtania mtu, ananipa pole.

Umenitangulia bila adabu, Rashidi. Zamu ilikuwa yangu, kwa hiyo nakudai. Sitaki makubwa. Njoo ndotoni uninong'oneze hilo neno la siri, herufi moja moja, polepole, maana darasa la nne sikulimaliza.

Babu yako